Pua ya Wies

Kikaango cha kunusia kilikuwa cha chuma, kidogo, kinatosha yai moja, lakini Wies hakuruhusu kikaangiwe yai. Kilikaa peke yake juu ya kabati. Kila Jumatatu, Nol mwenye bucha akishamaliza kuchinja, Wies alileta nyumbani kipande cha mafuta ya mgongo cha kila nguruwe dume, akakitia kikaangoni, akafunika, akasubiri mpaka mafuta yaanze kulia. Halafu alifunua na kuinamisha uso. Hakuvuta pumzi kwa nguvu. Alipita tu juu ya mvuke, kama mtu anayechungulia kisima. Kisha alisema "huyu aende" au "huyu hapana", na mimi nikampigia Nol simu.

Wies alikuwa mke wangu. Alifariki mwaka jana, mwezi wa Septemba, mashine za kuvuna mahindi zikiwa barabarani. Kifuniko alikishika kwa mkono wa kushoto. Naandika hilo kwa sababu juzi nilisimama jikoni muda mrefu nikijaribu kulikumbuka.

Sisi tunafuga nguruwe, huku Peel, kusini mwa Uholanzi, ambako karibu kila mtu amefuga nguruwe au amezaliwa na aliyefuga. Nguruwe dume asipohasiwa anakua vizuri na nyama yake haina mafuta mengi, lakini baadhi yao, wakifikia umri wa kuchinjwa, mafuta yao yananuka yakipata moto. Nyama ikiwa mbichi hujui. Unajua ikiwa mezani, wageni wameshakaa. Harufu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni ya kinyesi, na hiyo hata mimi naisikia. Inapungua ukiweka banda safi na kuwapa mizizi ya chikori siku za mwisho. Ya pili watu wanaieleza kila mmoja kwa namna yake: jasho, mkojo wa zamani, nguo iliyosahaulika ndani ya begi. Hiyo ya pili ndiyo inayofukuza wateja, na hiyo mimi siisikii. Si kwamba nina mafua. Naisogelea na hakuna kitu, kama kunusa dirisha. Watu wengi wako hivyo tangu kuzaliwa na hawajui. Ndugu yangu Sjang yuko hivyo. Nol naye yuko hivyo. Wies alikuwa akisema wanaume wa ukoo wetu wamepewa pua kubwa kama viazi na kazi yake ni kushikilia miwani.

Njia rahisi ni kisu. Unawahasi watoto wa kiume katika wiki yao ya kwanza na habari imekwisha. Wies alipokuwa msichana ndiye aliyewashika miguu ya nyuma huku baba yake akikata. Alisema kelele zile hazikumsumbua wakati ule. Zilimsumbua baadaye, alipogundua kwamba hazikumsumbua. Tulipooana na kuchukua shamba hili, baba yake alitupa kile kisu kama zawadi, kimefungwa kwenye kitambaa. Wies alishukuru, akakiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza, akasema kitalala hapo. Majirani walicheka. Akaenda kutafuta kazi kwenye machinjio makubwa, kwenye mstari wa wanusaji, pale ambapo nguruwe wananing'inia wakipita na wewe unagusa mafuta ya kila mmoja kwa chuma cha moto na kuinamia moshi wake. Pua aliijenga kule, akaileta nyumbani. Dume ambaye wanawe walinuka hakupanda tena. Miaka ikapita, wanaonuka wakawa wachache. Hawakwisha, lakini Nol akakubali kuwachukua madume wetu wasiohasiwa na kuandika hivyo kwenye ubao mbele ya bucha, kwa sharti moja: anayepita kwa Wies ndiye anayeingia dukani. "Mafuta yenu, pua yenu," alisema, wakashikana mikono.

Kulikuwa na jambo jingine la Wies ambalo sikulielewa. Koti langu la kazi halikuingia ndani ya nyumba. Lilikuwa na msumari wake nje, kando ya mlango wa jikoni, chini ya kijipaa kisichozuia mvua yote. Kiangazi au barafu, kila asubuhi nililivaa koti baridi. Mwanzoni nililalamika. Alinijibu kwamba dume mmoja analala bandani, inatosha, huyo mwingine asitake kuingia na jikoni. Nilichukulia kwamba ni usafi wa mama yake, maana mama yake alikuwa mtu wa kufua hata kamba za viatu.

Baada ya mazishi nililiingiza koti ndani. Nikalitundika kwenye kiti karibu na jiko. Lilikuwa badiliko la kwanza nililolifanya katika nyumba yake, na asubuhi iliyofuata nilipolivaa likiwa na joto nilijisikia kama mwizi.

Kazi ya kunusa ikachukuliwa kwa muda na Bozena. Huyu ni mwanamke wa Kipolandi aliyefanya kazi na Wies kwenye mstari. Wies ndiye aliyemfundisha, na Bozena ndiye aliyerithi kiti chake. Siku zake za mapumziko alikuja kwa baiskeli, akashusha kikaango, akafanya kila kitu kama Wies, hata ile namna ya kuinama, na mimi nilikuwa natoka nje mpaka amalize. Lakini wiki ya kabla ya Krismasi Bozena alikwenda kwao, na Nol alitaka nguruwe kwa ajili ya mikate ya soseji.

Huku kwetu Krismasi bila mikate ya soseji ni kama haijafika. Unga laini, ndani soseji, inaliwa moto baada ya misa. Nol huwatengenezea watu wa parokia nzima. Nilimwambia Sjang aje tuangalie mafuta pamoja, kwani niliona pua mbili ni bora kuliko moja. Tulikaanga kipande baada ya kipande kwenye kikaango cha Wies. Tulinusa kwa zamu, tena kwa makini sana. Harufu ya kinyesi haikuwepo popote. Kisha Sjang akasema ulimi haudanganyi kama pua, akachukua mkate na haradali. Alikula kipande cha pili ili kuhakikisha, na cha tatu kwa sababu cha pili kilikuwa kitamu. Nikampigia Nol. Nikamwambia wote waende.

Siku ya Krismasi, misa ilipokwisha, tuliingia ukumbi wa parokia. Mikate ilikuwa imepangwa kwenye trei, mvuke unapanda. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilikula mmoja, nikachukua mwingine, na hapo ndipo nilipoona kwamba karibu wanawake wote walikuwa wameiweka mikate yao chini. Baadhi ya wanaume pia. Wengine wote tulikuwa tunatafuna. Ukumbi uligawanyika vizuri kuliko siku ya uchaguzi. Sjang alikuwa na mkate kila mkono, akauliza kwa sauti kwa nini watu hawali, wanaumwa? Mama Jacoba, anayeongoza kwaya, alimjibu polepole kwamba mkate wake unanuka kama choo cha stesheni, na akaomba msamaha kwa kutaja choo siku ya Krismasi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nol alikuwa nyuma ya meza na koleo mkononi. Alinusa trei, akainusa tena, na uso wake ukawa wa mtu anayesikia watu wakizungumza nyuma ya ukuta.

Alikuja kesho yake. Alikaa jikoni bila kuvua kofia. Hakugomba. Alinywa kahawa yote kwanza.

"Giel," alisema, "mimi nilikuwa nanunua pua ya Wies. Nguruwe walikuja pamoja nayo."

Nilimwambia Bozena angerudi Januari.

"Bozena anaondoka kabisa baada ya Pasaka. Kaniambia mwenyewe. Halafu mimi nifanye nini, niwaweke wateja wangu wanuse? Hao wananusa tayari, tatizo wananusa wamechelewa."

Majike wangu walitarajiwa kuzaa mwishoni mwa Kwaresima. Nol alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Watoto wa kiume watakaozaliwa, kama hakuna mtu nyumbani kwangu anayeweza kunusa, niwahasi wiki ile ile ya kwanza. Akiona wamehasiwa atawachukua wote, bei ile ile, na ubao mbele ya bucha ataufuta. Kama sitaki, nitafute bucha nyingine. Alijua hakuna nyingine. Mlangoni aligeuka akasema anasikitika, kwamba hata yeye alimwahidi Wies. Alipoondoka nilifungua droo, nikainua vitambaa vya meza. Kisu kilikuwa pale. Wies alikuwa amekifunga upya, kwa kitambaa kipya, sijui lini.

Bozena aliporudi na kusikia habari za Krismasi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango. Halafu akalia, na mimi nikasimama pale na mwavuli. Alipotulia aliniuliza kama nimewahi kujaribu kujifunza. Nikamwambia huwezi kujifunza kitu usicho nacho.

"Nani kakwambia? Mimi nilikuwa sisikii," alisema. "Hata kidogo."

Nikadhani ananifariji. Akaapa kwa mama yake. Alipoingia machinjio alikuwa kwenye kufunga maboksi. Wies alimpenda kwa jinsi alivyokuwa haharakishi, akampeleka kwenye jaribio la wanusaji, ambako mtu anapewa vijikaratasi vilivyochovywa kwenye ile harufu na vingine visivyo na kitu. Bozena alishindwa kabisa. Wengine waliposhindwa walirudishwa maboksini. Lakini yeye alipewa na Wies kijichupa cha vile vijikaratasi aende nacho nyumbani, anuse asubuhi na jioni, hata kama hasikii, hasa kama hasikii. Wiki zikapita. Siku moja akiwa kwenye lifti na mwanamume mmoja aliyetoka mazoezini, ikamjia. Alishuka ghorofa isiyo yake.

"Kwa wengine haiji," alisema. "Sikudanganyi, Mzee Giel. Kwa wengine pua inalala tu mpaka kaburini. Lakini hutajua bila kunusa."

Nilimuuliza kwa nini Wies hakunifundisha mimi, miaka yote hiyo.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema nyumba moja, pua moja inatosha. Halafu akasema mtu akishaanza kuisikia hawezi kuacha. Akasema, 'Mwache mzee wangu alale kwa amani.' Sikumwelewa vizuri. Alikuwa anacheka."

Nami sikuelewa. Wiki hiyo hiyo Bozena aliniletea kijichupa, vijikaratasi vimejaa ndani kama njiti za kiberiti.

Nilinusa asubuhi kabla ya kahawa na jioni kabla ya taarifa ya habari. Bozena alikuwa amesema nisivute kwa nguvu, nipite tu juu yake, na mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilijiona nimeinama kama Wies, nikaacha siku mbili. Nikaanza tena. Karatasi ilinuka karatasi. Kijichupa kilinuka mpira wa kifuniko. Sjang alianza kunusa nami ili anipe moyo, akaacha baada ya siku chache, akasema hajawahi kuona kazi ya kuchosha kama kunusa kitu kisichokuwepo. Alikuwa akinikuta nikiinama juu ya meza.

"Kaka, umekuwa mbwa wa forodha," alisema. "Ukipata kitu nibwekee."

Kanivali ikaja, bendi zikapita kijijini na watu wamevaa kama maaskofu na kama ng'ombe. Sjang alivaa kama mkate wa soseji. Alijishonea mwenyewe, na shingoni alitundika pini ya nguo ya kubana pua. Watu walicheka sana, nami nilicheka, halafu nikarudi nyumbani mapema. Kila mwaka Wies alikuwa akinishonea vazi langu. La mwaka jana bado lina sindano ndani yake.

Jumatano ya Majivu nilimpigia Bozena nikamwambia sisikii kitu na nadhani inatosha. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi niendelee, kwani hainigharimu kitu ila dakika. Watu wa Kwaresima wanaacha vitu. Sjang aliacha bia, na akasema mimi nimeacha akili. Mimi ningependa niwe na kitu cha kuacha. Nilinusa kwa sababu kijichupa kilikuwa mezani na kwa sababu baada ya kunusa kahawa ilikuwa na ladha zaidi, au nilijidanganya hivyo.

Dientje alizaa kabla ya wenzake. Ni jike mzee, mmoja wa wachache waliopewa jina, na Wies ndiye aliyempa. Alizaa siku ya mvua, mchana, bila msaada, na nilipofika watoto walikuwa wameshayafikia matiti. Wengi wao walikuwa wa kiume. Nilikaa pale juu ya ndoo. Nilijua wiki imeanza.

Nilisubiri siku kadhaa, nikijiambia wapate nguvu kwanza. Kisha asubuhi moja nilikitoa kisu, nikakichemsha kwenye sufuria, nikakiweka juu ya kitambaa safi mezani. Nikaenda bandani kuona nianze na nani. Nilimwinua mmoja kwa miguu ya nyuma, kama Wies alivyokuwa akiwainua kwa baba yake, na yule mdogo akapiga kelele iliyonipasua masikio. Dientje alisimama na watoto wote wakamdondoka. Kisu hakikuwepo hata, kilikuwa jikoni. Nilimrudisha majanini. Nikamwambia Dientje kesho, kana kwamba alikuwa ameniuliza.

Kutoka pale nilipita kwa Keizer, dume letu la kupandia, kumpa maji. Keizer ni mkubwa na ana mapenzi. Alinisukuma kwenye uzio na kunipaka povu la mdomo wake kwenye mkono wote wa koti, kama anavyofanya siku zote. Nikaingia jikoni nimelowa. Nikatundika koti kwenye kiti, nikachochea jiko, nikaweka kahawa motoni, nikakaa mbele ya kile kisu.

Ilianza taratibu. Nilidhani ni sufuria. Kitu kama fulana ya kuchezea mpira iliyoachwa kwenye begi majira yote ya joto, na nyuma yake mkojo wa paka, na chini kabisa utamu mbaya, kama maua ambayo maji yake hayajabadilishwa. Niliangalia chini ya sinki. Nilimtoa mbwa nje na kunusa kitanda chake, kilinuka mbwa. Nilifungua pipa la taka, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikasogeza kabati. Harufu ilikuwa na nguvu zaidi karibu na jiko. Nilizunguka jikoni kwangu nikiwa nimetoa pua mbele kama mbwa wa forodha kweli, mpaka nikafika kwenye kiti.

Ilikuwa koti.

Nilishika mkono wa koti, pale penye povu la Keizer, nikausogeza usoni, na machozi yakanitoka kwa ukali wake. Nikajaribu kola, ambako Keizer hafiki. Ilikuwepo pia. Kidogo zaidi, lakini ni ile ile. Nilisimama. Kisha nilifanya kitu ambacho nafurahi hakuna aliyekiona: niliinua mkono na kunusa kwapa langu.

Nilikaa chini na kucheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kicheko cha kweli cha kwanza tangu Septemba, na mbwa nje akaanza kubweka. Bozena aliwahi kuniambia kwamba wanaume nao wanayo, kidogo, na nilidhani ni matani ya wanawake wa machinjio. Miaka yote hiyo Wies alikuwa akishinda kwenye mstari akiinamia harufu hiyo, nguruwe baada ya nguruwe. Jioni anavua aproni, anapanda baiskeli, anafika nyumbani, na hiyo hapo imekaa mezani inauliza kama supu iko tayari. Hakusema. Alilitoa koti nje. Mwenye koti alimwacha ndani, akalala ubavuni kwake mpaka mwisho.

Nilikaa hapo mpaka kahawa ikaungua, na harufu ya kuungua pia niliisikia.

Nilimpigia Bozena. Kwanza aliniomba niieleze, na nilipofika kwenye maua na maji yake akasema hayo maji ya maua ni maneno ya Wies. Akasema asije mtu yeyote kugusa kile kisu, anakuja Jumamosi na mafuta kutoka machinjioni, na nimwite Nol aone mwenyewe.

Jumamosi walikuja wote. Nol alikaa na kofia yake. Sjang alisimama karibu na mlango, bila bia kwa ajili ya Kwaresima na mkali kwa sababu hiyo. Bozena alikuwa amefunga kila kipande cha mafuta kwenye karatasi, na ndani ya karatasi ameandika kipi kinanuka na kipi hakinuki. Alinitoa nje kila alipotia kipande kikaangoni. Nilisikia mafuta yakianza kulia, kisha akaniita.

Cha kwanza kilikuwa safi, nikasema aende. Cha pili kilinuka kinyesi, na hicho hata Nol alikijua. Cha tatu nilipofunua kilinipiga usoni kabla sijainama, nikasema huyu hapana, na nikamwona Bozena akiangalia dirishani. Tukaendelea. Kwenye kimoja nilikwama. Kulikuwa na kitu, au nilikuwa nataka kiwepo. Nol alikohoa. Nilimwomba Bozena afunike tena.

"Kufunika tena ndiyo nini sasa?" Nol aliuliza. "Mteja hafuniki tena."

"Wies alifunika tena," Bozena alisema. "Tulia, Nol."

Nikainama mara ya pili, nikiwa nimeshika kifuniko kwa mkono wa kushoto, na nikaipata, chini kabisa, ule utamu wa maji ya maua. Nikasema hapana.

Mwishoni Bozena alifungua karatasi mezani moja moja mbele ya Nol. Kila kilichonuka nilikuwa nimekikataa. Lakini kimoja nilichokikataa, karibu na mwisho, kilikuwa safi kabisa. Nol alikiweka kidole.

"Hapa umenikatalia nguruwe mzuri."

Nilikubali. Nilisema pua ilikuwa imechoka.

"Mzuri ukimkataa, unamkausha kwa moshi anakuwa soseji ya kuliwa baridi," Bozena alisema. "Mbaya ukimkubali anakuwa Krismasi."

Sjang aliangua kicheko kwanza. Nol alijitahidi asicheke, akashindwa, akavua kofia na kuiweka gotini, na hapo nilijua. Alizungumza na Bozena zaidi kuliko na mimi. Walikubaliana kwamba mpaka Pasaka tutanusa wawili, Bozena na mimi, na Bozena akiondoka nitabaki mwenyewe, na nikiwa na mashaka yoyote nguruwe asiende. Ubao utabaki mbele ya bucha. Watoto wa Dientje waachwe walivyo. Kisha Nol akaniambia, akiivaa kofia, kwamba siku moja nimweleze inanuka vipi, kwani ameuza nyama maisha yake yote na hajui anaogopa nini. Nikamwambia anuse koti langu. Alinusa. Akasema ni koti.

Walipoondoka nilikifunga kisu kwenye kitambaa cha Wies na kukirudisha chini ya vitambaa vya meza. Nilikiosha kikaango kwa maji ya moto bila sabuni, kama alivyotaka, nikakirudisha juu ya kabati. Sjang alirudi kutoka uani, amesahau glavu, alisema, lakini hakuzitafuta. Alisimama akizungusha kile kijichupa mezani.

"Hivi unakihitaji tena hiki?"

Nikamwambia akichukue. Akakitia mfukoni haraka, akasema ni kwa ajili ya kupoteza muda tu mpaka Pasaka, na nisimwambie mkewe.

Kabla ya kulala nilichukua koti kwenye kiti, nikafungua mlango, nikalitundika nje kwenye msumari wake. Asubuhi nililivaa likiwa baridi, limelowa begani. Nikaenda bandani. Dientje alikuwa amelala ubavu, na watoto wake wote, wa kike na wa kiume, walikuwa wananyonya.